Shule Kongwe ya Tabora: Mafanikio, Matatizo na Deni kwa Umma

Historia ya shule yo yote haieleweki kwa kuhesabu madarasa yake na majina ya wakubwa waliopita humo. Hatuna budi kuuliza maswali matatu. Nani aliianzisha, na kwa shabaha gani? Nani aliyelipa gharama zake? Na elimu iliyopatikana humo imemtumikia nani? Tusipoyauliza maswali haya tutabaki na hadithi za kujisifu tu, na hadithi za kujisifu hazimfundishi kada cho chote.

Wajibu wa kuyauliza unatuhusu hata sisi tulioko Lamadi, mbali na Tabora. Lamadi ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma inapita hapa, na nyingine inachepuka kwenda Bariadi. Upande mmoja tuna maji ya Ghuba ya Speke, upande wa pili tuna Hifadhi ya Serengeti. Wananchi wake ni wakulima wa pamba na mtama, wafugaji, wavuvi na wachuuzi. Majina ya wanafunzi waliochaguliwa yanapotangazwa, stendi hujaa vijana wenye masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kamba, ndoo na majembe. Mara moja moja huwamo mmoja anayekwenda shule kongwe ya bweni, na huyo ndiye anayeagwa na ukoo mzima. Wenzake wanaokwenda shule ya kata, kwa miguu, hawaagwi na mtu.

Katika darasa moja la itikadi kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, huyu mmoja tunamwaga kama shujaa, na wale wengi tunawaona kama masazo. Je, huo ndio usawa tunaofundishana humu?" Swali hilo ndilo lililozaa makala hii. Ili kulijibu tutaichambua Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, maana hakuna shule ya serikali nchini inayoonyesha kwa uwazi zaidi mafanikio na migongano ya elimu ya wachache.

Shule ya watoto wa watemi

Ujerumani iliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa. Walikuta nchi kubwa, nao hawakutaka kutumia fedha nyingi kuitawala. Njia waliyoichagua ilikuwa kuwatumia watemi na machifu kukusanya kodi, kusimamia kazi za kulazimishwa na kuamua mashauri. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, aliupa utaratibu huo nguvu ya sheria mwaka 1926. Lakini mtemi asiyejua kusoma hesabu za kodi wala barua ya Bwana Shauri hakuwa chombo cha kutegemewa. Ikahitajika shule ya kumtengenezea mkoloni watumishi kutoka katika nyumba za watawala wenyewe.

Hiyo ndiyo shabaha ya shule iliyofunguliwa Tabora katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1920. Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Tabora ni katikati ya nchi, na reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika huko tangu 1912. Mwaka 1928 tawi la reli likafika Mwanza, na hivyo kijana wa Usukuma, au wa ng'ambo ya ziwa, akaweza kusafirishwa mpaka mlangoni mwa shule. Mabweni, viranja, gwaride na michezo vyote viliigwa kutoka shule za mabwanyenye wa Uingereza, hata wakoloni wenyewe wakaiita "Eton ya Tanganyika".

Mbinu hii haikubuniwa Tabora. King's College Budo ilikuwa imeanzishwa Uganda mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wakubwa wa Buganda. Katsina College ilifunguliwa Kaskazini ya Nigeria mapema miaka ya 1920 kwa shabaha ya namna hiyo hiyo. Wafaransa nao walikuwa na shule yao ya William Ponty huko Senegal, iliyokusanya vijana hodari wa Afrika Magharibi nzima. Popote alipokuwa, mkoloni alielewa kwamba kutawala akili za vijana mia ni rahisi kuliko kupeleka askari elfu.

Silaha iliyomgeukia mwenyewe

Hata hivyo, mkoloni aliyekusanya vijana wa makabila mbali mbali chini ya paa moja hakuweza kuamua wataongea nini usiku baada ya taa kuzimwa. Mwana wa Unyamwezi, wa Uhehe, wa Uzanaki na wa Usukuma waligundua kwamba kodi ni ile ile na dharau ni ile ile. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya bwenini. Kiingereza walichofundishwa ili wapokee amri, baadaye walikitumia kuandika madai ya uhuru.

Mwaka 1937 alifika shuleni hapo kijana kutoka Butiama aliyesoma shule ya msingi Mwisenge, Musoma. Naye alikuwa mtoto wa mtemi, lakini hakuwa mtoto wa kuridhika. Inasimuliwa kwamba aliupinga utaratibu wa kuwapa viranja upendeleo, pamoja na chakula kingi kuliko wenzao. Julius Nyerere alitoka hapo akaenda Makerere mwaka 1943, na miaka kumi na moja baadaye, tarehe 7 Julai 1954, alikuwa kiongozi wa TANU iliyoundwa siku hiyo. Rashidi Kawawa naye alipita Tabora, kisha akaingia katika harakati za wafanyakazi na baadaye akawa Waziri Mkuu. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, aliingia katika serikali ya kwanza ya wananchi. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na mwanafunzi wa zamani wa shule ya watoto wa watemi iliufuta utemi kisheria. Hapo ndipo penye mafanikio makubwa ya Tabora kihistoria. Ilijengwa kuimarisha utawala wa ukoo, na mwana wake akauondoa. Anayeisifu shule hii kwa sababu ya Kiingereza chake na nidhamu ya viranja wake anasifu yale aliyoyataka mkoloni. Sifa yake ya kweli ni wale walioyakataa.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Shabaha ya mkoloni haikushindwa kabisa. David Kidaha Makwaia, kijana wa Usukuma aliyesoma Tabora na Makerere, alirudi kuwa mtemi wa Busiya, na mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Uchagani waliteuliwa na Gavana kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Hatuandiki hili kumlaumu mtu. Tunaonyesha kwamba shule moja, vitabu vile vile na walimu wale wale waliweza kutoa kiongozi wa kuteuliwa na Gavana na pia kiongozi wa kuchaguliwa na umma. Elimu peke yake haina upande. Upande huamuliwa na mwenye elimu, na huamuliwa zaidi na watu anaoshirikiana nao baada ya kutoka darasani.

Mizani ya pamba

Sasa tuje kwenye swali la pili: nani aliyelipa? Fedha za serikali ya kikoloni zilitoka katika kodi ya kichwa na kodi ya nyumba, na katika ushuru wa mazao aliyoyalima mwananchi. Hapa Usukumani zao hilo lilikuwa pamba. Mkulima alipalilia na kuchuma, akabeba mzigo mpaka kwa mnunuzi, akapunjwa kwenye mizani, kisha katika senti alizopata akalipa kodi. Katika senti hizo mlikuwamo godoro la mtoto wa mtemi kule Tabora, wakati mtoto wake mwenyewe alikuwa machungani.

Ni mkulima huyo huyo aliyeanza kupigana, tena bila kusubiri wahitimu wa Tabora. Mapema katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka watu wao wa kusimamia mizani kwenye vituo vya kununulia pamba. Kazi hiyo haikuhitaji cheti cha Makerere. Ilihitaji kijana anayejua tarakimu na asiyeogopa kusema "uzito huu si wa kweli". Kutokana na mizani vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Bomani hakusoma Tabora, alisoma shule ya misheni ya Ikizu. Na serikali ya kikoloni ilipoizuia TANU kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, ushirika ndio uliobaki kuwa mahali ambapo wananchi waliweza kukutana na kusema.

Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini Tabora na kuamua kwa busara kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ingawa masharti yake yalikuwa ya kibaguzi. Mwaka huo huo wananchi wa Geita walijitokeza kwa maelfu kupinga mabaraza ambayo mkoloni alitaka kuwawekea. Tukiyatazama mambo haya pamoja tunapata somo la nadharia. Uhuru ulihitaji aliyejua kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, na ulihitaji aliyejua kusoma mizani. Wa kwanza alitoka katika elimu kubwa ya wachache, na wa pili katika elimu ndogo ya wengi. Bila huyu wa pili, wa kwanza angekuwa msemaji asiye na watu nyuma yake.

Baada ya uhuru: nani mwenye shule?

Mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Huo ndio urithi tulioachiwa baada ya miaka zaidi ya arobaini ya utawala wa Kiingereza. Kufikia 1967 idadi ya wanafunzi wa sekondari ilikuwa imefika kama 25,000, na wa kidato cha sita 830. Kwa wingi wa watu wetu, bado walikuwa wachache mno.

Uchache huo ulizaa kasumba. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, waliochujwa na shule za namna ya Tabora, waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Waliona kwamba kuwatumikia kwa muda wakulima waliowasomesha, kwa malipo yaliyopunguzwa, ni kuonewa. Mwalimu aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya mia tatu, na akakata mshahara wake mwenyewe. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, lilikuja Azimio la Arusha, na mwezi Machi ikatolewa Elimu ya Kujitegemea.

Ni muhimu kada aelewe uhusiano huu. Elimu ya Kujitegemea ilitolewa na mtu aliyeijua shule ya bweni kutoka ndani, ambaye alikuwa ameona vijana aliowategemea wakiugeuzia umma mgongo. Shule kongwe zikapewa mashamba na mifugo, wanafunzi wakashika majembe. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule nyingi za madhehebu chini ya serikali ili dini na rangi zisiwe kizuizi. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa ili mtoto wa Bariadi asizidiwe na wa Moshi kwa sababu tu misheni zilitangulia kule. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika 1977 kazi hiyo ilikuwa imefanyika kwa kasi ambayo nchi nyingi maskini hazikuifikia. Tabora yenyewe kwa miaka kadhaa iliwekwa katika mchepuo wa kijeshi, vijana wakasoma na kufanya gwaride. Mtoto wa mkulima alikuwa ameingia katika nyumba ya mtoto wa mtemi.

Matatizo

Mafanikio hayo hayakufuta matatizo, na mengine yaliongezeka.

La kwanza ni uchakavu wa nyenzo. Baada ya vita vya Uganda vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za taifa zilipungua. Katikati ya miaka ya 1980 ada zikarudishwa katika sekondari. Katika shule za bweni mabati yalitoboka, maabara zikakosa dawa, na ugali na maharage vikawa kipimo cha bajeti. Ukarabati wa shule kongwe uliofanywa na serikali kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 2010 umerudisha sura ya majengo mengi, Tabora ikiwamo. Lakini rangi mpya ukutani haiwezi kujibu swali la shabaha.

La pili ni kurudi kwa matabaka kwa mlango mwingine. Shule binafsi zilipoongezeka, mwenye fedha aliacha kuitegemea shule ya umma, na zikawa ndizo zinazotajwa sana matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Shule kongwe ya serikali, ambayo zamani ilikuwa ya mtoto wa mtemi, leo ndiyo nafasi pekee ya mtoto hodari wa maskini kupata maabara na maktaba ya kweli. Tabora imehesabiwa kati ya shule za serikali za vipaji maalumu. Basi jukumu lake ni zito zaidi leo kuliko lilivyokuwa 1937.

La tatu linahusu nusu ya taifa. Shule ilijengwa kwa ajili ya wavulana. Msichana wa Usukuma aliyepalilia pamba pamoja na mama yake aliilipia kwa jasho lake, lakini hakuna bweni lililojengwa humo kwa ajili yake. Zipo shule za wasichana, na zimefanya kazi kubwa. Hata hivyo, kila tunapotaja orodha ya viongozi waliotoka katika shule kongwe za wavulana, tunataja pia, bila kujua, orodha ya dada zao waliobaki nyumbani.

La nne ndilo la kijana aliyeniuliza swali. Kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi walisomba mawe na mchanga wakajenga shule za kata nchi nzima. Mwezi Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Milango imefunguka kwa wengi. Lakini mwalimu wa fizikia, kemikali na vitabu havikufika kwa kasi ya watoto. Hivyo nchi ina sekondari ya aina mbili: ya wachache waliochujwa na ya wengi waliobaki. Huo ni mgongano wa ndani wa elimu yetu, na kuuficha kwa kusema kwamba kila mtoto amepata kiti hakutausaidia utatuliwe.

Kazi iliyo mbele yetu

Wapo wanaotaka shule kongwe zivunjwe kwa jina la usawa. Huo ni usawa wa kugawana umaskini. Wapo wanaotaka zilindwe kama makumbusho ya wakubwa. Hiyo ni kasumba. Njia sahihi ni kuilipisha shule kongwe deni lake.

Deni hilo linalipika kwa vitendo. Mwalimu hodari wa shule kongwe anaweza kuandaa masomo yakatumiwa na shule za kata zilizomzunguka. Maabara yake inaweza kufunguliwa kwa wanafunzi wa shule jirani siku za mapumziko. Kijana wa Lamadi anayesoma Tabora, akirudi likizo, anaweza kukaa na wenzake wa shule ya kata jioni chini ya mti na kuwafundisha hisabati aliyoipata kwa fedha za wazazi wao. Umoja wa wanafunzi wa zamani, badala ya kukutana kukumbushana utani wa bwenini, unaweza kuchukua shule moja ya kata na kuhakikisha ina vitabu. Na kada wa Chama katika kata anapaswa kuijua shule yake kwa takwimu: walimu wangapi wa sayansi, wasichana wangapi walioanza kidato cha kwanza na wangapi waliofika cha nne. Kada asiyejua hayo hana haki ya kuhutubia juu ya elimu.

Wazee wa Usukuma wakati wa kuvuna mtama huchagua masuke yaliyo bora, wakayaning'iniza juu ya meko yakaushwe na moshi ili wadudu wasiyaguse. Mgeni anaweza kudhani masuke yale yamepewa heshima kuliko mengine. Mwenye nyumba anajua sababu. Mvua ya kwanza ikinyesha yatashushwa, yatapukuchuliwa, na yatarudi shambani. Mbegu inayobaki juu ya meko mwaka hadi mwaka haina faida kwa mtu.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule ni hili. Mwenzako anayepanda basi kwenda shule kongwe aagwe, kwa maana ni wetu na tumemlipia. Lakini na anayekwenda shule ya kata kwa miguu aagwe vile vile, kwa maana bila yeye huyo wa kwanza hatakuwa na watu wa kuwatumikia. Na siku ya kurudi, tusimwulize wa Tabora amepata daraja gani tu. Tumwulize pia amekuja na nini kwa wale aliowaacha stendi.